Mtoto asiye na makazi ana nafasi darasani: Arusha na wajibu wa kumwandikisha shule

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Kila mwaka, kuanzia mwezi Oktoba, shule za msingi nchini huanza kuandikisha watoto wa elimu ya awali na darasa la kwanza kwa ajili ya masomo yanayoanza Januari. Matangazo hubandikwa kwenye mbao za ofisi za kata na mitaa, husomwa katika nyumba za ibada na hurudiwa katika mikutano ya hadhara. Mzazi akishapata taarifa humshika mtoto wake mkono, hubeba cheti cha kuzaliwa na kwenda kuonana na mwalimu mkuu. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba wengi hawafikirii litakuwaje kwa mtoto asiye na wa kumshika mkono.

Katika Jiji la Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru wapo watoto wa namna hiyo. Wengine hulala kwenye vibaraza vya maduka karibu na kituo cha mabasi, wengine kwenye meza tupu za masoko baada ya wafanyabiashara kufunga. Mchana hubeba mizigo ya wateja, huokota vyuma chakavu na chupa za plastiki, huosha vyombo kwa mama lishe ili wapate mlo. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Meru inaposhuka mjini, hukusanyika kuzunguka moto wa makaratasi hadi alfajiri. Lugha rasmi ya Serikali huwaita watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani. Mtaani huitwa kwa majina ya dharau ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Makala haya yanachambua swali moja: je, mtoto asiye na makazi ana haki ya kuandikishwa shule, na kama anayo, ni nani mwenye wajibu wa kumfikisha kwenye meza ya mwalimu mkuu? Jibu la sehemu ya kwanza ni rahisi. Ni sehemu ya pili inayohitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo haki iliyoandikwa vizuri inapoweza kupotea njiani.

Sheria inasema nini

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 11, inatambua haki ya kila mtu kujielimisha na inaitaka Serikali ifanye jitihada ili watu wote wapate fursa sawa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, kifungu cha 35, inafanya kuwa ni lazima kila mtoto aliyefikisha umri wa miaka saba, na ambaye hajafikisha kumi na mitatu, aandikishwe elimu ya msingi. Msomaji azingatie kipimo kilichotumika katika kifungu hicho. Ni umri. Kifungu hakiulizi mtoto analala wapi, wala hakisemi kwamba lazima hilo linamhusu tu mtoto mwenye nyumba.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwenda mbele zaidi. Inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, inapiga marufuku ubaguzi dhidi yake, na inataja elimu na malazi miongoni mwa haki ambazo mzazi au mlezi anapaswa kumpatia. Kifungu cha 16 kinaorodhesha mazingira yanayomfanya mtoto ahesabiwe kuwa anahitaji matunzo na ulinzi. Miongoni mwao yumo mtoto aliyetelekezwa, mtoto anayezurura bila nyumba wala makazi maalum, na mtoto anayeombaomba. Hivyo basi, kwa mujibu wa sheria hii, mtoto anayelala kibarazani si mhalifu wa kuondolewa mjini ili mji upendeze. Ni mtoto anayedai huduma ambayo hajapewa.

Kifungu cha 94 ndicho kinachojibu swali la wajibu. Kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lake. Kinaitaka itunze rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi na kuwasaidia ili wakue kwa heshima miongoni mwa watoto wenzao. Aidha, kinaielekeza itoe msaada na malazi kwa mtoto aliyepotea, aliyetelekezwa au anayetafuta hifadhi, na kuwatafuta wazazi wake. Sheria inazungumzia mtoto aliye ndani ya eneo. Haisemi mtoto aliyezaliwa ndani ya eneo. Mtoto aliyetoka Singida au Simanjiro akalala Ngarenaro usiku wa leo, yuko chini ya dhamana ya Halmashauri ya Jiji la Arusha usiku wa leo.

Msimamo huu unalingana na mikataba ambayo nchi imeridhia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003, na yote miwili inataka elimu ya msingi iwe ya lazima na bila malipo. Mwaka 2017, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitoa ufafanuzi wake Namba 21, unaowahusu mahususi watoto walio katika mazingira ya mitaani. Arusha, makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ina sababu ya ziada ya kutaka haki hizi zionekane kwanza katika mitaa yake yenyewe.

Kwa nini Arusha

Jiji la Arusha limekua kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 416,442; sensa ya mwaka 2022 ikawahesabu 617,631. Ndani ya miaka kumi jiji limeongezeka kwa karibu nusu ya watu liliokuwa nao. Ongezeko hilo linatokana na uzazi na pia na uhamiaji, kwa kuwa Arusha ni njia panda ya barabara za Moshi, Namanga, Babati na Dodoma, ni kitovu cha utalii, na ni soko la mazao ya mkoa mzima.

Upande wa Meru sababu nyingine imekuwa ikijijenga polepole. Miteremko ya mlima ina rutuba na imekaliwa na watu wengi kwa vizazi vingi. Shamba la migomba na kahawa lililomtosha babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi sehemu ya kila mmoja haitoshi kulisha nyumba. Bei ya kahawa ilipoyumba, kaya nyingi zilibaki bila fedha ya uhakika. Hapo ndipo kijana hushuka Usa River, Tengeru au Ngaramtoni kutafuta kibarua, na nyuma yake, wakati mwingine, hufuata mdogo wake. Soko la Tengeru, linalokusanya umati kila Jumatano na Jumamosi, limekuwa kwa watoto wengine shule ya kwanza ya kujitafutia. Upande wa kusini, migodi ya tanzanaiti ya Mirerani iliwahi kuwavuta wavulana waliopewa jina la nyoka, kwa kuwa miili yao midogo ilipita kwenye mashimo membamba.

Umaskini peke yake hautoshi kueleza kila kisa. Zipo kaya maskini ambazo watoto wake hawajawahi kukosa kulala nyumbani. Mara nyingi umaskini huandamana na jambo jingine: kifo cha mzazi, ndoa iliyovunjika, baba wa kambo asiyemtaka mtoto, ulevi, kipigo, au adhabu ya shuleni iliyomfanya mtoto aogope kurudi darasani na aogope pia kueleza nyumbani kwa nini hakwenda. Mtoto wa aina hiyo huanza kwa kukosa siku moja, kisha wiki, kisha anapata rafiki mwenye uzoefu wa mjini.

Wasichana huonekana wachache mitaani, lakini uchache huo usitudanganye. Wengi wao wamo ndani ya nyumba za watu kama wafanyakazi wa ndani, wakilala jikoni au sebuleni, bila makazi yao wala mshahara wa maana. Wapo pia watoto wanaohamishwa kutoka kwa shangazi kwenda kwa mjomba, na wale ambao mama yao ameshindwa kodi ya chumba akapata hifadhi ya siku chache kwa rafiki. Hawa hawalali nje, lakini hawana makazi ya kudumu, na wanapoteza shule kwa sababu zile zile.

Mbele ya meza ya mwalimu mkuu

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Alisoma hadi darasa la tatu katika wilaya nyingine, akaacha, na sasa ana mwaka mmoja Arusha. Amekubali kurudi shule. Anafika shuleni asubuhi na kijana mkubwa anayemfahamu. Mwalimu mkuu, ambaye ana madarasa yaliyojaa na taarifa za kuwasilisha kwa Afisa Elimu Kata, atauliza maswali ambayo ni ya haki kabisa: mzazi wako nani, mnaishi mtaa gani, cheti cha kuzaliwa kiko wapi, uhamisho wako uko wapi. Mtoto hana jibu hata moja. Hakuna aliyemkataza kusoma. Ameambiwa tu arudi na mzazi, na hatarudi.

Huo ndio mlango unaofungwa bila mtu yeyote kukusudia kuufunga. Ni vyema kutazama kila kitasa chake.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa, mzazi au mlezi ndiye aliyepewa na sheria wajibu wa kusajili uzazi. Mtoto hawezi kuadhibiwa kwa wajibu ambao mtu mzima hakuutimiza. Cheti ni nyaraka muhimu, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, umeendesha mpango wa kusajili watoto wenye umri chini ya miaka mitano karibu na wananchi, kupitia vituo vya afya na ofisi za kata, ili kizazi kinachokua kisipate tatizo hili. Lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja hakufikiwa. Njia sahihi ni kumwandikisha kwanza kwa umri unaokadiriwa, kisha ofisi ya ustawi wa jamii ikafuatilia usajili wake akiwa tayari anasoma.

Kuhusu uhamisho, mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani la Tanzania humpa mwanafunzi namba ya utambulisho inayomfuata kutoka shule moja hadi nyingine. Mtoto aliyewahi kusoma huenda tayari ana namba. Asipokumbuka namba ya simu ya mama yake, mara nyingi atakumbuka jina la shule na la mwalimu wake. Kwa hiyo rejista ya shule si kikwazo tu. Inaweza kuwa uzi wa kumrudisha mtoto kwa ndugu zake, endapo yupo mtu mzima wa kuufuatilia.

Kuhusu mzazi, sheria haikuacha pengo. Mahakama ya Watoto, kwa maombi ya Afisa Ustawi wa Jamii, inaweza kutoa amri ya matunzo, ambayo humwondoa mtoto kwenye madhara na kuhamishia haki za mzazi kwa afisa huyo. Ziko pia njia za mtu wa kuaminika, malezi ya kambo na makao ya watoto yaliyosajiliwa. Katika kila njia hizo yupo mtu mzima anayetambuliwa na sheria, anayeweza kusaini fomu ya shule, kuhudhuria kikao cha wazazi na kuitwa mtoto anapougua. Kwa maneno mengine, swali la mwalimu mkuu, "mzazi wako nani?", lina jibu. Jibu hilo halipaswi kutafutwa na mtoto.

Kipi kianze: familia au darasa?

Sera ya nchi inaweka mbele malezi ya familia, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Makao ya watoto ni hatua ya mwisho. Kazi ya kwanza ya Afisa Ustawi wa Jamii ni kuitafuta familia, kuzungumza nayo, kupima kama nyumbani ni salama, na kumuunganisha mtoto na wazazi au ndugu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri humalizia tatizo kwenye mzizi wake.

Hata hivyo, kazi hiyo huchukua muda. Inahitaji simu, nauli, barua kati ya halmashauri mbili na mazungumzo ya subira na mzazi ambaye pengine ndiye aliyemfukuza mtoto. Katika kipindi hicho, mazoea katika maeneo mengi yamekuwa kusubiri: kwa nini aandikishwe Arusha ilhali wiki chache zijazo atakuwa Kondoa? Wiki chache hugeuka miezi, muhula hupita, na mtoto aliyekuwa tayari kusoma hurejea sokoni.

Hapa ndipo uamuzi mmoja mdogo unaweza kubadili mambo: mtoto aandikishwe pale alipo, siku anapokubali, na familia itafutwe akiwa darasani. Akirudishwa nyumbani, atahamishwa kama mwanafunzi mwingine yeyote. Akipelekwa akiwa na sare, daftari na namba yake ya usajili, hata familia itampokea kwa sura nyingine, kwa kuwa atafika kama mwanafunzi. Uzoefu wa miaka mingi umeonesha kuwa mtoto anayekusanywa kwa nguvu na kupakiwa kwenye gari hadi kwao, bila shule wala mazungumzo, hurudi mjini.

Kuna pia hoja ya kihasibu. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ruzuku ya uendeshaji wa shule imekuwa ikihesabiwa kwa idadi ya wanafunzi, kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Mtoto aliyekaa darasani bila kuandikwa haleti ruzuku hiyo, aliyeandikwa huileta. Mwalimu mkuu anayemwandikisha mtoto wa mitaani hapaswi kuonekana kuwa ameiongezea shule mzigo usio na fungu.

Darasa gani linamfaa

Kuandikishwa si kumweka kijana wa miaka kumi na minne kwenye dawati moja na watoto wa miaka saba. Aibu hiyo peke yake inatosha kumrudisha mtaani. Kwa bahati nzuri, nchi ina njia zaidi ya moja.

Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Walioikosa, MEMKWA, ulianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya chache kabla ya kusambazwa nchini. Uliwagawa watoto katika makundi mawili: wasiozidi miaka 13, na wale wa miaka 14 hadi 18. Kundi la kwanza hufundishwa kwa mtaala uliofupishwa hadi liweze kuingia katika madarasa ya kawaida. Kundi la pili huandaliwa kwa elimu na stadi za maisha. Kwa watoto wa mitaani wa Arusha, hili ndilo daraja lenyewe. Mafanikio yake hutegemea mambo ya kawaida: mwalimu aliyepangwa mahususi, chumba na muda usiogongana na saa za mtoto kutafuta chakula.

Kwa vijana wakubwa zaidi, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inasimamia Mpango wa Elimu Changamani kwa Vijana Walio Nje ya Shule, unaounganisha kusoma na kuhesabu na stadi za kazi. Vipo pia vyuo vya VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi. Na kwa aliyeacha shule karibuni, Serikali kupitia Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ilifungua tena mlango wa mfumo rasmi kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali.

Umuhimu wa kupanga njia hizi unaongezeka sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma tarehe 1 Februari 2025, inaweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Lazima ikirefuka, umbali kati ya aliye ndani na aliye nje nao hurefuka. Mtoto atakayekosa kuingia leo atakuwa amekosa miaka kumi.

Wenzetu wamefanya nini

Tatizo hili si la Tanzania peke yake, na zipo nchi zilizolitungia sheria mahususi. Marekani, pamoja na utajiri wake, ina watoto wengi wasio na makazi. Tangu mwaka 1987, sheria iitwayo McKinney-Vento inawalinda. Kwa jinsi ilivyo sasa, inaitaka shule imwandikishe mtoto papo hapo hata kama hana rekodi za shule, za chanjo wala uthibitisho wa makazi. Nyaraka hutafutwa baadaye. Kila wilaya ya elimu lazima iwe na afisa kiungo anayewatafuta watoto hao na kuwasaidia. Aidha, inawahesabu kuwa hawana makazi hata wale waliohifadhiwa kwa muda na ndugu au marafiki kwa kukosa nyumba.

India nayo, katika Sheria ya Haki ya Elimu ya mwaka 2009, imesema wazi kwamba mtoto hatakataliwa shule kwa kukosa uthibitisho wa umri, na kwamba aliyechelewa ataingizwa darasa linalolingana na umri wake huku akipewa mafunzo maalum ya kuwafikia wenzake.

Mambo mawili katika mifano hiyo hayahitaji fedha nyingi kuyaiga: kuandikisha kwanza na kutafuta nyaraka baadaye, na kuwa na afisa mmoja anayejulikana kwa jina na simu. Halmashauri za Jiji la Arusha, Arusha na Meru tayari zina maafisa ustawi wa jamii, maafisa elimu kata na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya MTAKUWWA. Kinachohitajika ni makubaliano ya wazi baina ya idara mbili, ya elimu na ya ustawi wa jamii, kwamba mtoto akipatikana Jumatatu, nani atampeleka shule Jumanne.

Kuandikwa ni mwanzo, kubaki ni kazi

Tangu Januari 2016 elimumsingi imetolewa bila ada, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023 utaratibu huo ulifikia kidato cha tano na cha sita. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, miongozo ya elimu bila ada iliacha kwa mzazi wajibu wa sare, madaftari, kalamu na chakula cha mchana. Kwa mtoto asiye na mzazi karibu, mambo hayo madogo ndiyo ada yenyewe. Uji wa saa nne ukigawiwa kwa waliochangia tu, mtoto aliyetoka kibarazani atakuwa wa kwanza kuondoka foleni, na pengine wa kwanza kuondoka shule.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF umesaidia familia nyingi kuwaweka watoto shuleni, kwa kuwa sehemu ya ruzuku yake huambatana na mahudhurio. Lakini msaada huo hupita katika kaya iliyotambuliwa na mkutano wa kijiji au mtaa. Mtoto asiye na kaya hana mlango wa kuupitia. Ndiyo maana rejista inayotajwa na kifungu cha 94 ni muhimu: ndiyo orodha pekee ambayo mtoto anaweza kuingia yeye mwenyewe, bila nyumba.

Linabaki suala la usiku. Mtoto hawezi kufanya kazi ya nyumbani ya hesabu chini ya taa ya kituo cha mafuta, wala kulinda daftari dhidi ya mvua ya masika. Kwa hiyo mpango wa kumwandikisha usipoambatana na mahali pa kulala, awe kwa ndugu, kwa mlezi wa kambo au katika makao ya muda, utadumu wiki chache. Walimu nao wana nafasi yao. Mtoto aliyezoea kujiamulia atachelewa, atasinzia, atajibu kwa ukali. Akipokelewa kwa fimbo ataondoka kwa njia aliyoijia. Akipata mwalimu wa ushauri na unasihi anayemwuliza jana alilala wapi, huenda akabaki.

Wajibu wa kila mmoja

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wa stendi na soko hufundisha haraka, na mafunzo yake ni ya gharama. Sheria ya Mtoto imeweka mtu katikati ya mama asiyekuwepo na ulimwengu huo: serikali ya mtaa, na nyuma yake kila mwananchi. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa azitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa.

Mwananchi anayemfahamu mtoto asiye na makazi, au mtoto aliyehifadhiwa kwa muda na asiyesoma, anaweza kufanya yafuatayo. Kwanza, atoe taarifa kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Kijiji, Mtendaji wa Kata au Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Pili, apige namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto na haitozwi malipo. Tatu, ikiwa mtoto amefanyiwa ukatili, afike katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu. Nne, mwenye kiosko, dereva wa daladala, mama lishe au mlinzi wa usiku anayemwona mtoto huyo kila siku asidharau alichonacho: mara nyingi yeye ndiye mtu mzima pekee anayeaminiwa na mtoto, na kumsindikiza hadi ofisi ya kata kunaweza kumfikisha mbali kuliko sarafu anayompa.

Kwa walimu wakuu, ujumbe ni mfupi zaidi. Mtoto akifika peke yake asiambiwe arudi na mzazi. Aketi, apewe uji kama upo, na Afisa Ustawi wa Jamii apigiwe simu akiwa bado amekaa hapo.